Namsikia, Yeye Ndiye Hanisikii

"Mimi namsikia vizuri. Yeye ndiye hanisikii."

Mama mwenye duka la chini alikuwa ameinua simu juu ya kichwa, akiizungusha kuelekea dirishani kama mtu anayewinda mtandao kijijini. Kwenye kioo, binti yake aliyeko Doha alikuwa amejishika sikio na kutikisa kichwa. Ilikuwa saa mbili na robo usiku, saa ambayo ploti nzima hapa Free Area, Nakuru, imerudi kutoka kazini na kila nyumba imewasha kitu.

Nikatoa simu yangu nikapima kasi papo hapo, nimesimama kati ya gunia la makaa na kreti za soda. Namba ikaja nzuri. Nikamwonyesha.

"Mama, intaneti iko sawa. Labda ni upande wa Doha."

Akaitazama ile namba, kisha akanitazama mimi.

"Sawa, kijana wangu. Kama wewe unasema."

Maneno hayo matatu ya mwisho nililala nayo na kuamka nayo kwa wiki tano.

Mashabiki

Mnaosoma hapa mnajua kazi yangu: nachukua laini ya faiba, naigawa kwa ploti kadhaa kwa kebo na redio za juu ya paa. Mnaujua pia ugonjwa wangu. Ruta yangu ni kisanduku kisicho na feni, chenye prosesa ya Atom ya viini vinne na matundu manne ya kadi ya mtandao ya Intel. Nilikichagua kwa sababu kinakula umeme kidogo na betri hukivumilia stima ikipotea. Ndani yake kuna mfumo endeshi uitwao FreeBSD. Nimeisifu FreeBSD humu mpaka msomaji mmoja akaniuliza kama nalipwa. (Silipwi.)

Rafiki yangu tuliyesoma naye, siku hizi yuko Kisumu anahudumia sava, ni mtu wa Linux, mfumo endeshi mshindani. Nilipomsimulia habari ya mama hakuuliza hata swali moja.

"Toa hiyo kitu, weka Linux. Utalala."

Nikamjibu kwa hasira. Baadaye, nikiwa peke yangu, nikaona aibu. Yeye alikuwa ametoa dawa kabla ya kusikia ugonjwa, nami nikatetea mashine yangu kabla ya kupima chochote. Tulikuwa kama shabiki wa Gor na shabiki wa Ingwe wanaobishania mechi ambayo hakuna kati yao aliyeitazama.

Basi nikaamua kuitazama hiyo mechi.

Nilipima kebo

Kisanduku cha akiba kinachofanana na kile cha paani ninacho. Nikakiweka katikati ya meza ya jikoni, kompyuta mbili za ex-UK pembeni: moja ya kutuma paketi (vile vipande vidogo ambavyo data husafiri navyo), nyingine ya kupokea na kuhesabu. Nikaandaa diski tatu, moja ya FreeBSD, moja ya OpenBSD, ndugu ya FreeBSD, na moja ya Debian, ambayo ni Linux. Chuma ni kile kile, kebo ni zile zile, kinachobadilika ni mfumo endeshi tu. Nilijiona mwanasayansi kweli kweli.

Jioni ya kwanza nikaendesha iperf3, programu ya kupima kasi, kwa mkondo mmoja wa TCP, yaani mazungumzo mamoja kati ya kompyuta mbili. Mifumo yote mitatu ikajaza gigabiti.

Yote mitatu!

Nilikaribia kuandika makala usiku ule ule. Nilikuwa na kichwa chake tayari, na kilikuwa cha kumchokoza mtu wa Kisumu. Kilichonizuia ni hesabu ndogo ambayo ningepaswa kuanza nayo. Fremu kubwa ya kawaida ya Ethernet, yaani paketi ikiwa imevishwa kwa safari ya waya, ina baiti 1,518. Ongeza baiti 20 za utangulizi na nafasi ya kupumua kati ya fremu na fremu, unapata 1,538. Laini ya gigabiti 1 haiwezi kupitisha zaidi ya fremu 81,274 za namna hiyo kwa sekunde, hata ukiilazimisha. Kwa prosesa ya leo, hata hii yangu nyonge, hiyo ni kazi ya kufanya huku ukisinzia. Kilichofika mwisho wa uwezo wake ni waya. Ruta haikuwa imeulizwa swali.

Tena iperf3 ya mkondo mmoja inaipendelea Linux kimyakimya. Kerneli yake, yaani moyo wa mfumo endeshi, ina ujanja uitwao GRO: paketi kadhaa za mkondo mmoja zikifika zimefuatana, inazigundisha ziwe paketi moja kubwa, inazipitisha kwa pamoja, kisha inazikata tena wakati wa kutoka. Ni ujanja mzuri. Lakini jioni katika ploti, paketi hazifiki zimefuatana kwa adabu hivyo.

Fremu ndogo kabisa ya Ethernet ina baiti 64, na ukiongeza zile 20 ni 84. Hapo gigabiti ile ile inabeba fremu 1,488,095 kwa sekunde. Kila moja inaipa ruta nanosekunde 672 za kuamua, kisha nyingine imeshafika mlangoni.

Kila aliyepanda gari kutoka Nakuru kwenda Nairobi anaijua mizani ya Gilgil. Lori liwe limejaa viazi au limebeba nusu mzigo, linapanda, linasimama, linasomwa, linashuka. Karani wa mizani hachoshwi na tani, anachoshwa na idadi ya malori. Ruta ni hivyo hivyo. Inasoma anwani, inatafuta njia kwenye jedwali, inapunguza TTL (hesabu ya hatua zilizobaki) kwa moja, inaandika anwani mpya ya kadi, inatuma. Gunia lililoko nyuma halifungui.

Na sauti ya mtu husafiri kwa malori madogo. Chukua kodeki (mbinu ya kugeuza sauti kuwa data) ya G.711 inayotumika kwenye simu za ofisini: kila milisekunde 20 inatoa paketi yenye baiti 160 za sauti, yaani paketi 50 kwa sekunde kila upande. Mama akisema "umekula?" tayari malori kadhaa yameondoka.

Wahandisi walilijua hili zamani. Waraka wa RFC 2544 wa mwaka 1999 unataka vifaa vipimwe kwa fremu za ukubwa saba, kuanzia baiti 64 hadi 1,518, na kila jaribio lichukue angalau sekunde 60. Mimi nilikuwa nimesimama dukani na programu ya simu kwa muda usiofika hata nusu ya huo, nikatoa hukumu mpaka Doha.

Hodi

Nilipoanza kutuma paketi ndogo, mifumo ikaanza kuonyesha tabia.

Zamani kadi ya mtandao ilipiga hodi kwa kila paketi iliyofika. Prosesa inaacha kazi, inafungua mlango, inapokea, inarudi. Wageni wakiwa wengi mno, siku nzima inaishia mlangoni na jikoni hakuna kinachopikwa. Jeffrey Mogul na K. K. Ramakrishnan waliieleza hali hiyo vizuri mwaka 1996: mashine inayopokea kwa bidii yote na isitoe chochote upande wa pili. Dawa ya Linux iliitwa NAPI. Kadi inapiga hodi mara moja, kengele inazimwa, kisha kerneli yenyewe inatoka kuzoa, kwa kawaida hadi paketi 64 kwa mkupuo, mpaka foleni iishe ndipo kengele inarudishwa.

FreeBSD inaipa kila foleni ya kadi uzi wake, yaani mfanyakazi wake ndani ya kerneli, na uzi huo unaibeba paketi kutoka mlango wa mbele hadi wa nyuma. OpenBSD kwa miaka mingi ilikuwa na kufuli moja kubwa kwenye kazi za mtandao, kwa hiyo hata ukiwa na viini vinne, kimoja ndicho kinachofanya kazi na vingine vinasubiri ufunguo. Wamekuwa wakilivunja kufuli hilo kidogo kidogo. Sitawacheka. Hawakuwahi kuahidi mbio, na pf, ukuta wa moto ninaoutegemea kila siku, ulizaliwa kwao, ukatoka na OpenBSD 3.0 mwezi Desemba 2001 baada ya ugomvi wa leseni ya IPFilter, ukuta wa moto waliokuwa wakiutumia awali. FreeBSD iliuazima, na toleo la 10 la mwaka 2014 likaufanya ukubali viini vingi kwa wakati mmoja. Kwa hiyo hata nilipolinganisha pf ya FreeBSD na pf ya OpenBSD, zile zilikuwa ndugu waliolelewa nyumba tofauti.

Matokeo yangu sitayaweka kwa namba. Nawajua wasomaji wangu. Kesho namba ya kisanduku changu itanukuliwa mahali kana kwamba ni sheria. Kwa maneno tu: bila ukuta wa moto, OpenBSD ilibaki nyuma, na Linux na FreeBSD zikawa zinapokezana kutegemea nilivyozipanga. Nilipowasha ukuta wa moto na NAT (kubadilisha anwani za ndani ziwe za nje), zote ziliporomoka. Mporomoko wenyewe ulikuwa mkubwa kuliko tofauti yoyote kati ya Linux na FreeBSD niliyokuwa nikiihangaikia usiku kucha.

Hapo shaka ikaanza kuniingia. Nilikuwa nalinganisha mifumo, au nalinganisha mipangilio yangu mwenyewe?

Shaka ya pili ilikuja wiki ya tatu, na hii iliniuma zaidi. Kadi hizi hugawa paketi kwa foleni kwa kukokotoa anwani na namba za milango (port) za paketi yenyewe. Mkondo mmoja huenda foleni moja, na foleni moja huenda kiini kimoja. Mimi nilikuwa natuma kutoka anwani moja kwenda anwani moja. Wiki mbili nzima nilikuwa napima kiini kimoja huku vitatu vimekunja mikono. Nikabadilisha nitume maelfu ya mikondo, na namba zikaruka, na mpangilio wa mshindi ukabadilika.

Linux yenyewe iliwahi kuumwa na jambo la jamii hiyo. Ilikuwa na akiba ya njia: ikikumbuka kila mwisho wa safari iliyowahi kuutafuta. Pima kwa mwisho mmoja, inapaa. Ipe maelfu ya anwani, au mtu mbaya anayezibuni makusudi, akiba yenyewe inageuka mzigo. Waliiondoa kwenye kerneli ya 3.6, mwaka 2012.

(Siku niliyokuwa nimeweka jaribio la usiku kucha, stima ilipotea saa sita na kurudi alfajiri. Nalitaja ili msidhani nafanya kazi kwenye maabara.)

Foleni sifuri

Mwisho wa wiki ya nne nilikuwa na jedwali zuri lenye rangi. Nikashuka dukani kununua mkate.

"Kijana," mama akaniuliza akihesabu chenji, "wale wa Doha ulishaongea nao?"

Alikuwa hanikejeli. Aliamini kweli kwamba kuna watu wa Doha, na kwamba mimi ninaongea nao.

Nikapanda juu, nikaacha meza ya jikoni kama ilivyo, nikaingia kwenye ruta halisi. Ilikuwa saa mbili usiku. Nikaandika `top -P`, amri inayoonyesha kila kiini peke yake. Mistari minne. Vitatu vilikuwa karibu vimelala. Kimoja kilikuwa asilimia mia, na hakikushuka.

Nilikitazama muda mrefu. Maelfu ya mikondo ilikuwa inapita pale, kwa nini kiini kimoja?

Halafu sauti ya mama ikarudi kichwani. Mimi namsikia. Yeye ndiye hanisikii.

Pande mbili! Alikuwa ameniambia jibu siku ya kwanza, nami nikamwonyesha namba.

Paketi zinazotoka kwenye faiba kuja kwa nyumba ni paketi za kawaida za IP. Kadi inaziona anwani, inazigawa kwa foleni nne, viini vinne vinasaidiana. Lakini zinazotoka kwa nyumba kuja kwangu zimefungwa. Kila nyumba inajiunga kwa PPPoE, kwa jina na nywila, ndivyo ninavyojua nani amelipa. Kila paketi inayopanda kutoka kwa mteja iko ndani ya bahasha, na kadi yangu haifungui bahasha. Haioni anwani ya IP, haioni mlango, haina cha kukokotoa. Inazitupa zote foleni sifuri.

Ploti zote. Kiini kimoja kinafungua bahasha, kinafanya NAT, kinapima kikomo cha kasi cha kila nyumba, na bado kina sehemu yake ya paketi zinazoshuka. Foleni ikijaa, kinachofika baadaye kinadondoshwa.

Na kwa nini kipimo changu cha dukani kilikuwa kizuri? Ukipakua kitu kwa TCP, simu yako inatuma juu vithibitisho vidogo: nimepokea mpaka hapa, nimepokea mpaka pale. Vichache vikipotea si neno, kinachofuata kinathibitisha na vya nyuma yake. Kwa hiyo kupakua kuliendelea kana kwamba hakuna msiba. Sauti ya mama haina kithibitisho cha kuifidia. Silabi iliyodondoka imedondoka.

Namba ya kupakia ilikuwepo kwenye programu ile ile, chini kidogo, kwa herufi ndogo. Sikuitazama.

Na kwenye meza yangu ya jikoni, wiki nne nzima, hapakuwa na PPPoE hata paketi moja.

Mistari miwili

Dawa kwenye FreeBSD ilikuwa mistari miwili. `net.isr.maxthreads=-1` kwenye `/boot/loader.conf`, kwa sababu kwa kawaida kerneli huanzisha uzi mmoja tu wa kazi hiyo, na `net.isr.dispatch=deferred`, ili aliyepokea paketi asilazimike kuibeba mpaka mwisho, aiweke kwenye foleni ya mwenzake. Nikawasha ruta upya saa tisa usiku nikiwa nimeziba pumzi. Jioni iliyofuata mistari minne ya `top` ilikuwa imeachana na ile hali ya mmoja kufa na watatu kulala. Haikulingana, lakini hakuna kilichogota.

Ningeweza kuishia hapo, ila nilikuwa na deni Kisumu.

Nikaiweka PPPoE mezani, nikaijaribu hadi nikaridhika, kisha kwa siku mbili nikaweka diski ya Debian kwenye ruta ya paani. Bila kugusa chochote, Linux ikaumwa ugonjwa ule ule: kiini kimoja moto, vitatu baridi. Kadi ni ile ile, na haifungui bahasha kwa heshima ya kerneli yoyote. Ningemsikiliza rafiki yangu, ningeng'oa FreeBSD na mama angeendelea kuinua simu dirishani.

Lakini Linux ina kitu kiitwacho RPS, kilichoingia na kerneli ya 2.6.35 mwaka 2010, na kwa kawaida huwa kimezimwa. Unaandika herufi `f` ndani ya faili iitwayo `rps_cpus`, maana yake viini vyote vinne vishiriki, na kerneli inachungulia ndani ya bahasha ya PPPoE, inasoma anwani, inagawa. Iligawa sawasawa kuliko FreeBSD yangu. Nimeandika sentensi hiyo na kuifuta mara mbili. Safari hii naiacha.

Nikampigia rafiki yangu nikamweleza yote, kadi, bahasha, foleni sifuri. Alisikiliza hadi mwisho.

"Lakini Linux ilifanya?"

"Ilifanya."

"Basi."

Ruta ya paani imerudi FreeBSD. Nimeizoea, na saa nane za usiku jambo likiharibika vidole vyangu vinajua faili ziko wapi kabla macho hayajafunguka. Hiyo si sababu ya kasi na sitaivisha nguo za kasi. Lile jedwali la rangi nimelifuta.

Dukani

Nilimwambia mama imetengenezwa. Hakuonyesha furaha niliyoitarajia.

"Mimi nilishaacha kuitumia kumpigia," akasema. "Kila jioni naweka bando."

Wiki tano alikuwa ananunua bando la kuongea na mtoto wake, na mwisho wa mwezi akanilipa mimi pesa yangu kamili, bila neno. Nilitamani anikejeli.

Nikamwomba awashe waifai, ajaribu mara moja tu, nikiwepo. Ilikuwa saa mbili na dakika kadhaa, juu yetu mtu anatazama mpira, mwingine anapakia sijui nini. Binti akatokea kwenye kioo, bado na kitambulisho cha kazini shingoni. Mama akaileta simu karibu na mdomo, akavuta pumzi, akapiga kelele hadi mteja wa mlangoni akageuka:

"HALO! UMEKULA?"

"Mama, punguza sauti. Nakusikia."

"UNANISIKIA?"

"Nakusikia mpaka redio ya duka."

Mama akanipa simu niishike, akaenda nyuma ya kaunta kuizima redio, akarudi, akaichukua, akavuta pumzi tena.

"UMEKULA NINI?"